Mkono wa Kushoto wa Sweta la Benedikta

Kila Jumatano Mboni alirudi kutoka shule kwa haraka. Alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akavuka barabara kwenda nyumbani kwa Kulsumbai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano. Katika mtaa wote wa Chumbageni, mjini Tanga, hapakuwa na mahali alipopapenda kuliko ukumbi wa nyuma wa nyumba ile, ambako wanawake wanne walikutana kufuma baada ya sala ya alasiri.

Mwaka ule, 1986, vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani. Kwa miaka kadhaa duka la Mzee Rehmatulla, mume wa Kulsumbai, lilikuwa na rafu tupu. Watu walipanga foleni kupata sukari na sabuni, na uzi wa sufu haukuonekana kabisa. Hata sindano za kufumia zilipokwisha, wanawake walitumia spoki za baiskeli, wakazisugua kwenye jiwe mpaka zikawa na ncha. Sasa mitumba iliruhusiwa. Masweta makuukuu yalifika sokoni kwa marobota, na kwa joto la Tanga hayakugombewa. Kikundi kiliyanunua, kikayafumua, kikapata uzi.

Lakini uzi uliofumuliwa haufumwi siku hiyo hiyo. Umekaa ndani ya sweta miaka mingi, kwa hiyo hutoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Kulsumbai alimfundisha Mboni kazi hiyo. Kwanza uzi unazungushwa kwenye mgongo wa kiti na kufungwa mahali panne ili usichanganyike. Halafu unafuliwa kwa sabuni, unaanikwa kwenye kamba, na jiwe linaning'inizwa chini yake mpaka unyooke. Ukikauka ndipo unaviringwa donge.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mboni: kufumua, kufua na kuviringa. Kufuma kwenyewe alikuwa bado anajifunza, kwa spoki mbili na uzi wa mabaki.

"Lini nitafuma nguo ya kweli, Bibi?" aliuliza mara kwa mara.

"Ukiweza kukaa kitako robo saa," alijibu Samiha kabla ya Kulsumbai kufungua mdomo. Samiha alikuwa mdogo kuliko wote, ameolewa mwaka mmoja uliopita, na ulimi wake haukupumzika.

Mwezi ule kikundi kilikuwa na kazi moja kubwa. Benedikta, binti wa jirani yao kutoka Muheza, alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana, juu milimani upande wa Lushoto. Barua ya shule ilitaja sweta la kijani kibichi. Mama Benedikta, ambaye naye alikuwa mwanakikundi, alizunguka maduka yote na kurudi mikono mitupu.

"Na kifua chake mnakijua," aliwaambia wenzake. "Akipigwa na mvua tu hapa Tanga anakohoa wiki nzima. Kule asubuhi mtu akisema, moshi unatoka mdomoni."

Kwa bahati, katika mitumba walipata masweta mawili ya kiume ya kijani kimoja. Waligawana kazi. Kulsumbai alichukua mgongo, Samiha kifua, Mama Benedikta mkono wa kulia, na Bi Saleha mkono wa kushoto. Kila mmoja angefuma kwake, kisha waunganishe.

Bi Saleha ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Tongoni, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alifuma kwa kupapasa, midomo ikihesabu polepole. Sindano zake zilikuwa za dukani, za chuma cheupe, alizozitunza tangu zamani. Mboni alizitamani sana sindano zile.

Jumamosi moja Kulsumbai alimpa Mboni uzi wa mkono wa kushoto pamoja na kipande cha sabuni. "Huu fua vizuri, kisha mpelekee Bi Saleha Jumatatu."

Bomba la mtaani lilikuwa na foleni ndefu. Mboni aliweka ndoo yake nyuma ya nyingine ishirini, akasikia wenzake wakicheza mpira wa rede nyuma ya nyumba, akaenda kuchungulia. Aliporudi, maji yalikuwa yamekatika. Jumapili maji yalitoka kidogo, akayatumia kufulia shati lake la shule, na kipande cha sabuni kikaishia hapo. Jumatatu asubuhi aliutazama uzi kwenye kiti. Ulikuwa mkavu na safi kwa macho, ila umejikunja. Aliuvuta kwa nguvu, akauviringa kwa kuubana sana, na donge likaonekana kama madonge mengine.

"Umeufua, mjukuu wangu?" aliuliza Bi Saleha alipopokea.

"Nimeufua, Bibi."

"Ahsante. Mungu akukuze."

Siku zilipita. Mikono miwili ililazwa pamoja kwenye mkeka ikawa sawa, na Mboni akalisahau jambo lile. Vipande viliunganishwa, na Jumatatu ya wiki ambayo Benedikta angesafiri, Kulsumbai alilifua sweta zima ili lipate kukaa vizuri. Jumatano alilitoa mbele ya wenzake, akalinyoosha mkekani.

Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa vidole vinne, tena mpana, umelegea kama tambara.

"Haya," alisema Samiha. "Mkono mmoja wa kuandikia, mwingine wa kupigia deki."

Hakuna aliyecheka. Mama Benedikta alikaa chini, akaushika ule mkono mrefu. "Basi la Jumamosi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," alisema.

Kulsumbai alivaa miwani, akahesabu mistari ya mkono wa kulia, kisha ya kushoto. Akahesabu tena.

"Bi Saleha, hapa pana mistari minane zaidi."

"Nilipima kwa mkono alioufuma Mama Benedikta," alijibu Bi Saleha. "Nilipima mara mbili, ikaenda sawa."

"Sasa hii minane imetoka wapi, dada yangu?"

Bi Saleha aliupapasa mkono ule kutoka kiwikoni mpaka begani. Mboni alikuwa ameketi karibu na mlango na donge mapajani. Alielewa papo hapo. Uzi uliojikunja ulikuwa mfupi wakati wa kufumwa, kwa hiyo Bi Saleha aliongeza mistari mpaka mikono ikalingana. Maji yalipoingia, uzi ukanyooka, na mkono ukarefuka. Alisubiri mtu mwingine aseme. Hakuna aliyejua.

"Umri, shoga," alisema Mama Benedikta, si kwa ubaya. "Tungekupa kofia tu. Kosa ni letu."

"Ni kweli," Bi Saleha alisema. "Macho yamechoka. Nimewaharibia kazi, na mtoto wa watu atasafiri na aibu yangu mwilini." Alikunja kitambaa chake cha kufumia, akazitoa sindano zake nyeupe. "Mboni, njoo. Chukua. Mimi basi. Wewe una macho mapya."

"Bi Saleha, usifanye hivyo," alisema Kulsumbai.

"Nimekwisha kufanya."

Alivaa kanga yake vizuri, akaaga, akatoka akipapasa ukuta. Mboni alibaki amezishika sindano alizozitamani mwaka mzima. Samiha alimtazama. "We Mboni, umepata mali na hata ahsante huna?"

Mboni aliinuka, akatoka nje. Alitaka kwenda nyumbani. Alifika barabarani, akasimama. Alifikiri kwamba kama angenyamaza, wangefumua mkono ule, wangeufuma upya, na hakuna ambaye angejua milele. Benedikta angepata sweta. Na kila Jumatano pale alipokaa Bi Saleha pangekuwa patupu, naye Mboni angefumia sindano za bibi, na watu wangesema macho ya bibi yule yaliharibika mwaka ule.

Aligeuka, akaelekea nyumba ya Bi Saleha.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mboni. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umesahau nini?"

Bi Saleha alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Mboni alibaki amesimama mlangoni. "Uzi sikuufua," alisema. "Ule niliokuletea. Maji yalikatika, nikaenda kucheza. Sabuni nikafulia shati. Nilikudanganya."

Bi Saleha aliacha kukuna. Aliinua vidole vyake, akavisugua kimoja kwa kingine kana kwamba uzi ulikuwa bado katikati yake.

"Mawimbi," alisema. "Niliyasikia. Nilipokuwa nikifuma vidole viliniambia uzi huu una mawimbi, haukunyooka. Nikajiambia, mtoto amesema ameufua, basi vidole ndivyo vimezeeka. Niliamini neno lako kuliko vidole vyangu, Mboni."

Mboni alianza kulia. Bi Saleha hakumbembeleza. Alifunika nazi yake, akanawa mikono.

"Umeniambia mimi, vizuri. Lakini waliosikia kwamba nimeharibu kazi ni watu watatu. Nishike mkono, twende."

"Bibi, waambie wewe."

"Mimi nitawaambia nini? Sikufanya kitu."

Walirudi kwa Kulsumbai. Wale wanawake watatu walikuwa bado wameliinamia sweta wakibishana kama mkono ukunjwe au ufumuliwe. Mboni alisema yote, akiangalia mkeka.

"Kumbe," alisema Samiha, akauachia ule mkono mrefu.

Mama Benedikta alimgeukia Bi Saleha. "Nisamehe, shoga. Nimekutia uzee usio wako."

"Uzee ninao," alisema Bi Saleha. "Lakini kuhesabu najua."

Kulsumbai alimwangalia Mboni. Hakupaza sauti. "Leo ni Jumatano. Uzi ukifumuliwa leo na kufuliwa kesho alfajiri, jua la Tanga litaukausha kabla ya alasiri. Bi Saleha, utaweza kumaliza mkono mmoja mpaka Ijumaa jioni?"

"Nikipata mtu wa kunihesabia."

"Utampata. Mboni, rudisha sindano za watu."

Usiku haujaisha vizuri Mboni alikuwa bombani na ndoo yake, wa tatu kwenye foleni. Mama yake, ambaye alikuwa amesikia habari yote, alimpa kipande cha sabuni cha nyumbani na kumwambia kwamba wiki ile sare yake itafuliwa kwa maji matupu. Mboni alifua ule uzi wa kijani, akausuuza mara tatu, akauanika na kuufungia jiwe, kisha akaenda shule. Saa nane na nusu alikimbia kuutazama. Ulikuwa umenyooka kama uzi mpya.

Alhamisi jioni na Ijumaa yote baada ya shule alikaa karibu na Bi Saleha, akihesabu mistari kwa sauti. Wenzake walipita na mpira wa rede, wakamwita.

"We bibi kizee, huji?"

"Sitini na moja," alijibu Mboni, bila kuinua kichwa.

Ijumaa, kabla ya magharibi, Kulsumbai aliushona mkono mahali pake. Benedikta aliitwa, akavaa sweta juu ya gauni lake huku jasho likimtoka, akanyoosha mikono yote miwili mbele. Mama yake alizipima ncha za mikono kwa kiganja. Zilikuwa sawa.

"Zunguka," aliamuru Samiha. "Sasa kohoa, tuone kama linazuia."

Safari hii walicheka, hata Benedikta, ambaye tangu asubuhi alikuwa na uso wa mtu anayeondoka kwao.

Walipokwisha kunywa chai, Mboni alikusanya vikombe. Aliuliza akiwa bado ameinama. "Bibi Kulsumbai, Jumatano nije?"

"Kwa nini usije?"

"Nilifikiri hamtanitaka."

Kulsumbai alimwonyesha mahali pa kukaa. "Sikiliza, mwanangu. Sweta lile limefumwa katika nyumba nne. Mimi simwoni Samiha akifuma kwake, wala yeye hanioni mimi. Mama Benedikta akiniambia mkono ni mistari themanini, sihesabu, nachukua neno lake nafuma juu yake. Nguo yote imekaa juu ya maneno ya watu. Neno moja likiwa bovu, halimwumbui aliyelisema. Linamwumbua aliyeliamini. Uliona Jumatano nani aliyeondoka hapa na aibu."

"Niliona, Bibi."

"Uvivu tungekusamehe siku ile ile. Ungesema 'sijaufua, maji yamekatika,' Bi Saleha angesubiri siku mbili, basi. Umeusema ukweli umechelewa, lakini umeusema huku una kitu cha kupoteza, na kwa hiyo nafasi yako ipo. Ila kufuma bado. Kwa miezi mitatu utafumua, utafua na utaviringa, na kila donge utakaloleta, Bi Saleha atalipapasa kwanza."

"Nitalipapasa sana," alisema Bi Saleha.

Jumamosi asubuhi Benedikta alipanda basi la Lushoto, sweta likiwa limekunjwa juu kabisa ndani ya sanduku lake la bati. Jumatano iliyofuata Mboni alivuka barabara kama kawaida, akaketi karibu na mlango na kupokea sweta la bluu lililotoboka kiwikoni. Alitafuta mwisho wa uzi, akaanza kufumua.