Ratiba ya Bangkok Iliyoishia Mchana

Bakuli la supu lilichomoza juu ya meza, likafuka moshi, likanukia mchaichai na ndimu, na wala halikuwapo. Ilikuwa nuru tupu. Bi Hidaya alichovya kidole humo, kidole kikatoka kikavu, akakilamba hivyo hivyo ndani ya ninja iliyomfunika uso.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Unalamba hewa, shoga," Bi Mwantumu alimwambia. "Watu wanatutazama."

"Watazame. Sote wawili tuna buibui, tuna ninja. Watajuaje mlambaji ni nani?"

Walikuwa wamekaa katika ofisi ya safari pale Ngamiani, Tanga, mbele ya mashine iitwayo kitangulizi. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutangulia. Ukishaiambia unakwenda wapi, nayo ikishajua mwili wako ulivyo, iliisafiri safari yako mara laki moja kwa dakika moja, humo humo ndani ya hesabu zake. Iliona njia gani itakuwa na foleni, mpishi gani ataunguza vitunguu, mvua itanyesha saa ngapi. Kisha ilikuwekea meza, kitanda na kiti cha ndege kwa jina lako. Miaka tisa tangu iletwe mjini haijawahi kumfikisha mtu kwenye hoteli iliyojaa. Haijawahi kukosea hata idadi ya sahani.

Bangkok ilikuwa fikra ya Bi Hidaya. Miaka arobaini amepika kwenye shughuli za watu, na sasa alitaka, kuanzia kesho, siku tatu tu za kula chakula cha mwingine, amekaa, hajui nani katia chumvi. Bi Mwantumu, fundi cherehani, alikubali kumfuata kwa sababu hajawahi kumkatalia jambo tangu walipokuwa wasichana.

"Siku ya kwanza, jioni," alisema mhudumu, roboti wa bati mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. "Mtaa wa Waislamu kando ya mfereji. Wali wa nazi na embe, sahani mbili."

"Wali wa nazi na embe!" Bi Hidaya alicheka mpaka akashika ubavu. "Nipande ndege-mshale nikale vya kwetu?"

Alinyoosha mguu wa kushoto, akausugua kwenye kigimbi. Ulikuwa umevimba tangu juzi, na alidai ni kwa kusimama jikoni kwenye harusi ya watu wa Makorora.

"Siku ya pili, asubuhi. Soko linaloelea. Vitumbua vya nazi, vikombe viwili vya chai. Mchana, saa saba kamili, supu ya kamba, mabakuli mawili."

Bakuli la pili likachomoza kando ya lile la kwanza. Kamba walikuwa wakubwa, wekundu, wamejikunja. Halafu mabakuli yote mawili yakazimika, na meza ikawa nyeusi.

"Umeme?" aliuliza Bi Mwantumu. Lakini taa za ofisini zilikuwa zinawaka, na feni inazunguka.

"Ratiba imekamilika," alisema mhudumu.

"Imekamilika wapi? Siku tatu tulizoomba!"

"Ratiba imekamilika siku ya pili, saa saba na dakika ishirini mchana. Chakula cha jioni, sahani sifuri. Vitanda, sifuri. Viti vya kurudi, sifuri."

Bi Hidaya alicheka tena, ila mara hii peke yake. "Labda tutanogewa, tuolewe huko huko."

Bi Mwantumu hakucheka. Alikuwa amemkumbuka Mzee Shekiondo, jirani yake. Yeye na mkewe walipangiwa wiki moja ya Muskati, viti viwili vya kwenda, kimoja cha kurudi. Walidhani mashine imeteleza. Mkewe alirudi peke yake kwenye kile kiti kimoja; mzee alizikwa huko huko. Kitangulizi kilikuwa kimekatazwa na Sheria ya Siri ya Mwili kumwambia mtu habari za afya yake, hata kwa kudokeza. Lakini hakuna sheria iliyokilazimisha kuagiza chakula kisicho na mlaji.

"Badilisha hoteli ya mchana," alimwambia mhudumu.

Mhudumu alibadilisha. Badala ya supu zikaja tambi za moto, na saa saba na dakika ishirini meza ikazimika.

"Tusitoke basi. Tukae chumbani, tulale siku nzima."

Vitanda viwili vya nuru vilionekana, shuka nyeupe zimetandikwa. Saa saba na dakika ishirini, giza.

"Kuna nini Bangkok saa hiyo? Tetemeko? Jengo linaanguka?"

"Mji utakuwa shwari. Katika hoteli hiyo hiyo, jioni hiyo, kutakuwa na wageni thelathini na wanane mezani."

Thelathini na wanane watakula. Wasiokula ni wao wawili tu. Watu wawili, dakika moja, bila moto wala ajali. Wanawake wawili wenye miili miwili tofauti wangezimikaje pamoja kama taa za waya mmoja?

Hapo ndipo Bi Mwantumu alipokumbuka: aliujua huo waya.

Asubuhi ile, kabla ya kupangiwa ratiba, kila msafiri alitakiwa kupuliza kinusapumzi, kibomba kifupi kama filimbi. Ukikipuliza mara tatu, kilijua moyo wako, damu yako, mapafu yako, na hata ulichokula jana ukakikana. Bi Mwantumu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Aliogopa atanyimwa kiti, na Bi Hidaya, mzima kama punda, akasema, "Niachie mimi." Alipuliza kwa jina lake. Kisha Bi Mwantumu akamshikilia mhudumu kwa maswali ya choo kiko wapi, na Bi Hidaya akahamia kiti cha pili akapuliza tena, mara hii kwa jina la Mwantumu. Roboti hakuruhusiwa kumtaka mwanamke afunue uso, nao walilijua hilo. Walicheka kama watoto waliopita mlango wa nyuma.

Kwa hiyo kitangulizi hakikuwajua wanawake wawili. Kilimjua Hidaya, mara mbili.

Bi Mwantumu alimtazama mwenzake akisugua ule mguu. Angeweza kusema, tuache, Bangkok mbali, twende tukanywe chai. Wangekwenda. Na kesho kutwa je?

"Baba," alimwita roboti, "lete kile kibomba. Bibi Mwantumu anataka kupuliza upya."

"We Mwantumu!" Bi Hidaya alimbana mkono. "Watakuzuia!"

"Na wanizuie."

Alipuliza mara tatu, pumzi ikimkatika katikati. Mashine iliguna kidogo. Haikumzuia. Ilimwongezea kiti cha magurudumu na kisahani cha vidonge, ikampunguzia chumvi. Udanganyifu wote ule ulikuwa wa bure.

Wali na embe, sahani mbili. Chai, vikombe viwili. Supu, mabakuli mawili. Saa saba na dakika ishirini bakuli la kushoto likazimika. La kulia likabaki, linafuka moshi. Ikafuata sahani moja ya jioni, kitanda kimoja, kiti kimoja cha kurudi, na juu yake jina: Mwantumu.

Bi Hidaya alikisogelea kile kiti. Alinyanyua ninja yake, jambo asilolifanya mbele ya watu, ili aone vizuri.

"Nami supu nimeimaliza au nimeiacha?" aliuliza taratibu.

"Hidaya, mguu huo. Huenda damu imegandia humo. Twende hospitali ya mkoa. Sasa hivi."

"Naogopa, Mwantumu." Hajawahi kulisema neno hilo, hata siku alipoungua na mafuta ya bagia. "Nikienda huko, halafu na huko ikawa giza?"

Bi Mwantumu alimgeukia mhudumu. "Panga safari nyingine. Kutoka hapa mpaka hospitali, mchana huu, sisi wawili. Uji wa asubuhi ya siku ya nne, baada ya ile saa saba. Mabakuli mangapi?"

Meza ilibaki nyeusi. Mashine ilisaga, ikasaga, ikapita dakika yake moja, ikapita ya pili. Walishikana mikono juu ya meza.

Likachomoza bakuli moja la uji. Kando yake likaja la pili, likazimika. Likawaka. Likazimika.

"Idadi haijulikani," alisema mhudumu. Miaka tisa, hakuna mtu Tanga aliyewahi kumsikia akisema hivyo.

Bi Hidaya aliliangalia lile bakuli linalowaka na kuzimika. Kisha akashusha ninja, akajikongoja kusimama kwa mguu mmoja.

"Haya nishike," alisema. "Na wasiutie sukari mpaka niamke."