Aliyesimama Nyuma ya Mama

Kwenye negativu ya filamu, marehemu mama alisimama mlangoni peke yake. Kwenye karatasi walitoka wawili: mama, na mtu mrefu nyuma yake.

Mpigapicha alidhani macho yamechoka. Akasafisha nyingine, mlemle bafuni mwake, alikoziba dirisha kwa blanketi na kupanga mabeseni: la kusafishia, la maji, na la dawa ya kugandisha. Picha isiyopita kwenye hiyo ya mwisho, ikiona jua, huliwa yote ikabaki weusi mtupu.

Nje ulikuwa mchana kweupe. Ndani, taa nyekundu. Hakuna alichokipenda kama kuona karatasi tupu ikianza kutoa uso, taratibu, kama mtu anayeamka. Mama alianza kutoka. Nyuma yake yule mrefu, safari hii mkono begani mwa mama.

Bafu likanuka nywele zilizoungua.

"Toka humo, mdogo wangu," dada yake alinong'ona nje ya mlango. "Harufu hiyo ni ya jini. Limeshapata nyumba."

"Nyumba gani? Kodi nalipa mimi."

"Unaleta mzaha!"

"Dada, mama hana picha nyingine duniani. Simwachi na mtu nisiyemjua."

Akatumbukiza karatasi ya tatu, na pumzi ya moto ikamgusa shingoni, maji yakatetemeka besenini bila kuguswa, na kadiri yule mrefu alivyozidi kukolea kwenye karatasi, kiganja chake sasa kikiwa kimemziba mama mdomo, ndivyo pumzi ile ilivyopungua shingoni, mpaka akaelewa kwamba jini lilikuwa linahama, linaingia pichani, linataka kubaki humo milele.

"Nigandishe, mwanangu," sauti ya mama ilisema kutoka besenini.

Mpigapicha alifunga boksi la karatasi tupu, mwanga usiziharibu.

"Mama hakuniita mwanangu hata siku moja," alisema. "Aliniita Kidomo."

Akainyakua picha ikichuruzika, akang'oa blanketi. Jua likaimwagikia. Dada alisikia ukelele uliotikisa mlango. Kiganja kikazama kwenye weusi, kisha bega, kisha uso.

Akaziba dirisha upya. Karatasi ya nne ikamtoa mama, peke yake, akicheka.

Ile nyeusi aliipigilia misumari mlangoni.

"Itupe!" dada alisihi. Aliigusa, akarudisha mkono. "Mbona haikauki? Inahema!"

"Ihemee hapohapo. Mwenzake akija, ataanza kuiona hiyo."

Akaingia kusafisha nyingine.