Mikono ya Bibi

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alimkuta bibi yake sebuleni akichezesha vidole mbele ya kioo. Nyumbani walimwita msichana huyo Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi, aliyevuka miaka sabini, alikuwa akijifunza lugha ya alama ili azungumze na jirani yao mpya, mama fundi cherehani, ambaye ni kiziwi.

Mwanzoni walijifunza wote wawili kwa huyo fundi. Chiriku alizishika salamu upesi, akachoka na kuacha upesi zaidi. Bibi alisahau leo alichofundishwa jana, akacheka, akaanza upya. Mjukuu alimshauri apumzike tu, maana kichwa cha uzeeni hakiingiwi na kitu kipya.

"Mke mwenzangu," bibi alimjibu, "kichwa changu bado hakijafunga duka."

Miezi ikapita. Siku moja fundi alipata homa kali kutokana na kidonda cha mguu, nao wakamsindikiza zahanati. Muuguzi alipotoa kichupa cha dawa ya sindano, fundi aliisoma karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa, akaruka kutoka kitandani, macho yamemtoka, mikono ikienda mbio. Muuguzi alidhani anaogopa sindano. Akamwomba Chiriku amshike mabega. Chiriku aliitazama ile mikono asiambulie kitu.

Bibi alimgusa fundi, akamwomba kwa vidole aende polepole. Alama moja ikampotea. Akafumba macho, midomo ikichezacheza, kisha akaipata.

"Usimchome, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Aliwahi kupewa dawa hiyo, koo likavimba, nusura afe."

Muuguzi aliiweka sindano chini, akamwita daktari. Daktari aliuliza, bibi akauliza kwa mikono, fundi akajibu. Chiriku aliitazama mikono ya bibi. Mikono ile yenye mikunjo, aliyozoea kuiona ikichambua mchele, sasa ilikuwa imebeba uhai wa mtu.

Fundi alipewa dawa nyingine, na jioni homa ikaanza kushuka. Hapo Chiriku alimfuata daktari mlangoni, akamsimulia alama ilivyompotea bibi, akafumba macho hadi akaipata, kisha akauliza bibi aliwezaje, na umri wote ule.

"Uzee hupunguza kasi ya ubongo wa kila mtu," daktari alisema. "Kujifunza hakuzuii kila ugonjwa. Lakini anayejifunza maisha yake yote huujengea ubongo wake akiba. Njia moja ikiziba, ubongo unatafuta nyingine. Si umesema alifumba macho kuitafuta alama?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Basi ulikuwa unaitazama akiba hiyo ikifanya kazi. Na haianzi kuwekwa uzeeni, binti yangu. Inaanza pale mtoto anapokutana na jambo gumu, asiliache."