Chipsi za Matufaha za Bi Najua

Kila jioni aliporudi kutoka shule, binti mmoja wa darasa la sita alivua viatu mlangoni, akatupa mkoba juu ya kochi na kuanza kutoa kasoro. Chai ilikuwa nyepesi. Sare aliyopigiwa pasi na mama yake ilikuwa na mikunjo. Mwenzake aliyempita kwenye mtihani alikuwa mbumbumbu aliyebahatisha. Ukimwelekeza jambo lolote, alipandisha mabega na kusema, "Najua." Basi mtaa mzima ukamwita Bi Najua, naye, kwa kutotambua kwamba anachekwa, akalipenda jina hilo.

Aliishi na mama yake, ambaye alikuwa msusi, pamoja na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo aliugua kisukari, na ugonjwa haukumpunguzia ulimi wala uroho. Mama alificha kopo la sukari, bibi akalifichua.

"Mnanilisha majani kama mbuzi," alilalamika. "Tena mbuzi ana nafuu. Yeye huchagua."

Siku moja mama alirudi na kikaangio cha hewa. Kilifanana na ndoo nyeusi yenye droo, na ndani yake hewa ya moto ilizunguka na kukausha chakula bila kukizamisha kwenye mafuta.

"Mama, tutakutengenezea chipsi za matufaha," alimwambia bibi. "Hatutaongeza sukari hata chembe. Utatafuna kidogo ukate hamu."

Bibi alikitazama kifaa kile toka juu hadi chini. "Ndoo inayopika! Haya, tutaona."

Jumamosi saluni ilijaa wateja, hivyo mama alimwachia binti yake kazi hiyo. "Soma kwanza kijitabu cha maelekezo," alimsihi.

"Najua, mama."

Kidoti alikuja kusaidia. Huyu alikuwa binti wa muuguzi wa nyumba ya pili, na aliitwa hivyo kwa sababu ya doa jeusi shavuni. Alinawa mikono, akafungua kijitabu na kusoma kwa makini, kidole kikifuata mistari.

"Tukate vipande vyembamba, tuvifute maji kwa kitambaa, kisha tuvipange visilaliane. Moto uwe mdogo, na tuvigeuze mara kwa mara."

Bi Najua alicheka kwa pua. "Kama ni kukata, kufuta, kupanga na kugeuza, mashine ni ya nini? Kijijini kwa washamba ndiko wanakogeuza."

"Lakini vikiwa vinene havitakauka..."

"Kidoti, nenda kwenu ukasome kitabu cha kuchemsha maji. Hapa tunapika wenye akili."

Kidoti alikifunga kijitabu, akakiweka mezani na kuondoka.

Bi Najua aliyacharanga matufaha mapande mapande, pamoja na mbegu zake, akayashindilia kwenye droo mpaka ikakataa kufungika. Aliisukuma kwa goti. Akawasha moto wa mwisho kabisa, akaenda kutazama televisheni. Alishtushwa na harufu ya kuungua. Alipoivuta droo, vipande vya juu vilikuwa makaa na vya chini vilikuwa uji. Hata mbwa mwenye njaa angevinusa na kwenda zake.

Matufaha mengine yalikuwapo kikapuni. Angeweza kuanza upya, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini kuanza upya kulimaanisha kukifungua kile kijitabu cha Kidoti, na hilo aliliona kubwa kuliko mlima. Alivifukia vilivyoungua kwenye pipa la taka, akaenda dukani na kununua mfuko wa chipsi za matufaha zilizokaangwa kwenye mafuta na kuvishwa sukari. Alizipangusa punje za sukari zilizoonekana, akazijaza chipsi hizo kwenye chupa safi ya kioo na kuuficha mfuko kwenye pipa.

Mama aliporudi alionja moja. "Mbona tamu hivi?"

"Matufaha yalikuwa yameiva sana," alijibu bila kupepesa macho. "Na Kidoti nimemfukuza. Angeniharibia."

Bibi alikumbatia chupa ile kama mtoto mchanga. "Leo ndiyo najua nina mjukuu!" alisema. Alitafuna jioni ile, na kesho yake akaendelea kutafuna.

Jumapili alasiri bibi alianza kuomba maji. Alikunywa, akaenda msalani, akarudi na kuomba tena. Akasema macho yake yana ukungu. Miguu ilikosa nguvu, na jambo lililomtisha mama kuliko yote, ulimi wake ulinyamaza. Mama alikimbia kumwita muuguzi, mama yake Kidoti, aliyekuja na bintiye akiwa amebeba kifaa cha kupimia sukari.

Muuguzi alimtoboa bibi kidole, akaisoma namba na kukunja uso. "Imepanda sana. Amekula nini?"

"Chakula chake cha siku zote," mama alisema. "Na hizo chipsi, lakini hazina sukari. Mjukuu wake amezitengeneza mwenyewe."

"Kama ni hivyo, huenda dawa zake zimeacha kufanya kazi. Twende hospitali. Nikimweleza daktari hivi, atamwongezea dozi."

Bi Najua alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alichungulia. "Akiongezewa dawa asizozihitaji, itakuwaje?"

"Sukari itashuka kupita kiasi. Anaweza kuzimia. Anaweza asiamke kabisa."

Binti alimtazama bibi yake, kisha akamtazama Kidoti. Kusema mbele ya mama kulikuwa jambo gumu. Kusema mbele ya Kidoti kulikuwa kama kumeza mwiba. Aliumeza. Alikwenda kwenye pipa la taka, akautoa ule mfuko wa dukani na kumkabidhi muuguzi kwa mikono miwili.

"Sikuzitengeneza. Zangu ziliungua. Hizi nilizinunua."

Muuguzi alisoma maandishi ya mfuko, kisha akamsoma yeye. "Kwa hiyo ulimlaghai mgonjwa ili uonekane mpishi."

 Mama alikuwa tayari anamvisha bibi viatu. Bibi alifumbua jicho moja. "Nami nilimsifia mkono wake," alinong'ona. "Kumbe nilikuwa namsifia mwenye duka."

Hospitalini daktari alielezwa ukweli. Hakuongeza dozi. Walimtibu bibi, wakamwangalia mpaka sukari ikashuka taratibu, kisha wakamruhusu kurudi nyumbani na dawa zake zilezile.

Siku iliyofuata Bi Najua alibisha hodi kwa kina Kidoti. "Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Na kukuomba unifundishe."

Kidoti alimwacha asimame mlangoni kitambo. "Utakata wewe," alisema hatimaye, "na usiponisikiliza, narudi kwetu."

Jikoni kwao, Bi Najua alikata vipande vyembamba hadi mwanga ukapenya. Alivifuta, akavipanga kimoja kimoja, akavigeuza mpaka vidole vikamwuma. Awamu ya kwanza ilitoka laini kama ngozi. Midomo ilimwasha kwa hamu ya kulaumu mashine, lakini akairudisha droo na kusubiri. Mara ya pili vilipopoa, vilivunjika kwa mlio mzuri.

Muuguzi alipokuja kumwangalia bibi alionja, akamhesabia vichache tu. "Hata tunda lina sukari yake," alimwonya. Kisha akamgeukia binti. "Sikiliza, mwanangu. Kuunguza chakula si aibu. Hata mimi nimeunguza. Wewe uliwadharau wenzako kwa sababu kujifunza kulikuchosha, halafu ukadanganya ili dharau yako isiumbuke. Uongo huo nusura umuue bibi yako. Ukikosea, sema mapema, kisha ushike kazi upya."

"Nimesikia, mama," Bi Najua alijibu.

Bibi alikuwa ameshamaliza zake. "Mahubiri mazuri," alisema, akinyoosha kiganja. "Sasa nani atanipa kimoja cha kuyateremshia?"