Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Saa saba mchana duka la steshenari halina adabu. Wanafunzi wanasukumana na kazi zao za kuchapa, makarani wanatupa mafaili mezani kana kwamba wao peke yao ndio wenye haraka duniani, mashine zinanguruma, na harufu ya wino inaingia mpaka kwenye nguo. Siku hiyo, nyuma ya kompyuta ya pili, alikaa msichana mwembamba aliyevaa gauni la kijani lililopigwa pasi barabara, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Wenzake walimwita Nukta. Hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake bila nukta mahali pake, na hakuna mteja aliyetoka pale bila kusahihishwa.

"Anayefuata," alisema bila kuinua uso.

Aliyefuata alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe, mikono kaikunja hadi viwikoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Kazi yake ilikuwa kuendesha watalii. Yeye na dada yake walikuwa na kiofisi kimoja na magari mawili, na rafiki zake walimwita Usukani.

"Nataka vipeperushi mia mbili, dada. Fanya haraka kidogo, nina wageni saa nane."

Nukta akasoma karatasi aliyopewa. *Milima, Chemchemi na Mto wa Kale: Safari Binafsi ya Siku Moja.* Alipofika mstari wa nne akainua uso.

"Kaka, hapa umeandika wageni wataoga maji ya mto."

"Ndiyo. Yanatoka ardhini yakichemka."

"Yanayochemka ni ya moto. Haya yako ni ya mto. Mtu atoke kwake alfajiri, apande milima, halafu ukamtumbukize mtoni?"

Foleni nzima ikacheka. Usukani naye akacheka huku akijikuna shingo.

"Ni o moja tu imenikimbia, dada."

"O hiyo moja ingewagandisha wageni wako. Kaa pale usubiri."

Akakaa. Wageni wa saa nane waliondoka saa nane na nusu, na dereva wao njia nzima akitabasamu peke yake. Kesho yake akarudi, eti vipeperushi vimepungua, na vipeperushi mia moja na tisini na nane vimo ndani ya gari. Kesho kutwa akarudi tena. Mwisho akaona aibu ya kuja kila siku, akaanza kupiga simu.

"Steshenari hapa, nikusaidie nini?"

"Nina shida ya koma."

"Koma gani wewe?"

"Mtu akishaandika 'nakupenda', baada yake anaweka koma?"

"Inategemea. Kama bado ana maneno, aweke koma. Kama amemaliza, aweke nukta."

"Amemaliza. Nakupenda Nukta."

Upande wa pili ikasikika mashine ikitafuna karatasi vibaya na mtu akiguna. Mteja aliyekuwa akisubiri nakala za cheti chake alizipata zimepinda.

Basi wakapendana, miezi mitano. Walikula chakula cha mchana kwenye benchi nyuma ya duka, wakagombania kipande cha mwisho cha nyama, wakaitana laazizi na majina mengine ambayo mtu mzima akiyasikia anageuza uso. Lakini kwao Usukani hakuna aliyemjua Nukta, si mama wala dada, na jambo hilo lilimkaa Nukta kooni. Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma alipendana na mwanamume aliyekuwa akimtambulisha kwa watu kama "mwenzangu tu". Aliitwa mwenzangu tu miaka mitatu. Siku moja karani akaleta kazi ya kadi za harusi, na Nukta akachapa jina la bwana harusi mpaka mwisho ndipo akatambua ni nani. Alizichapa zote bila kosa hata moja, akaenda chooni akalia. Tangu siku hiyo alijiapia kwamba hatafichwa tena na mwanamume yeyote, hata awe mtamu namna gani.

"Lini utanipeleka kwenye hiyo milima niliyoichapa?" alimuuliza Usukani jioni moja kwa simu. "Naijua kwa maandishi, kama mtihani."

"Jumatano. Gari zima ni letu wawili. Asubuhi milima, mchana chemchemi, na jioni mtoni." Kisha akaongeza, "Mama anafanya kazi pale mtoni, kwenye jumba la kumbukumbu. Nataka akuone."

Nukta hakulala vizuri usiku ule. Jumatano akavaa gauni la bluu lenye vidoa vyeupe, viatu vya chini vya heshima, na hereni ndogo ambazo mama mkwe yeyote asingezilalamikia. Alikaa kiti cha mbele na dirisha kalifungua. Barabara ikaanza kupanda na kupinda, hewa ikapoa, mashamba yakabaki chini. Walisimama ukingoni mwa mlima, wakanywa chai ya moto ya themosi kwa kikombe kimoja kwa sababu Usukani alisahau cha pili, au alisema amesahau.

"Wageni wako wote unawanywesha kikombe kimoja?"

"Wageni wana vikombe vyao. Wewe kunywa, kelele za nini."

Walifika chemchemi saa sita na nusu. Maji yalitoka katikati ya mawe yakifuka moshi, yakakusanyika kwenye vidimbwi vilivyojengewa kingo. Watu walikuwa wachache. Wakavua viatu, wakatumbukiza miguu, na Nukta akafumba macho kwa raha. Usukani akamtazama, moyo ukamjaa, na kama ilivyo kwa mtu aliyezoea kusema mbele ya watu, ulimi ukatafuta njia iliyo wazi.

"Hapa," akasema polepole, "maji yanapanda kutoka tumboni mwa dunia, na uchovu wa mwaka mzima..."

"...unashuka," Nukta akamalizia. "Ukurasa wa pili, chini ya picha. Wewe mwanamume, unanitongoza kwa kipeperushi nilichokuchapia mwenyewe?"

Usukani akaangua kicheko. Nukta akamrushia maji. Na yangeishia hapo, siku ingekwenda salama, lakini simu ikaita. Ilikuwa juu ya taulo, na Usukani, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na maji, akaigusa spika. Sauti ya dada yake ikatawala chemchemi nzima.

"Wewe, gari dogo unalo wewe? Kwenye ratiba naona jina lako tu. Uko na nani huko?"

"Niko na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni tu, dada. Nitakupigia."

Akakata, akamgeukia mpenzi wake, akakuta ukingoni pale hakuna mtu. Nukta alikuwa amesimama, anaingiza miguu iliyolowa kwenye viatu, hataki hata taulo.

"Nukta."

"Tuondoke."

"Sikiliza, hiyo ni lugha ya kazi. Kila aliyemo kwenye gari sisi tunamwita mgeni."

"Na mimi ni kazi?"

"Sivyo. Dada mdomo wake hauna mlango. Nikimwambia saa sita, mama anajua saa sita na dakika moja. Nilitaka mama asikie kwangu."

"Mwenzako naye alikuwa na sababu nzuri," alisema Nukta. "Miaka mitatu ya sababu nzuri."

Akaenda garini. Usukani akamfungulia mlango wa mbele, lakini yeye akaupita, akafungua wa nyuma, akakaa na kufunga mkanda.

"Huko nyuma unafanya nini?"

"Wageni hukaa nyuma."

"Basi nikurudishe mjini?"

"Kwa nini? Mgeni hakatizi ratiba. Bado mto."

Kusema kweli alitaka kurudi nyumbani akajifungie. Ila ndani yake kulikuwa na kitu kilichotaka kuona kwa macho yake mwanamume huyu atasema nini mbele ya mama yake. Kama angesema mgeni tena, basi ingekuwa nukta kweli, na maneno yameisha. Waliteremka milima saa mbili nzima bila kuongea. Usukani alimwangalia kwenye kioo mara nyingi kuliko alivyoangalia barabara, na mara mbili alijaribu kuanza kusema, akashindwa. Mtu huyu aliweza kuwachekesha wageni kumi na wawili wasiojuana kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya udongo. Kando yake yalisimama maghala ya mawe ya zamani, milango yake mirefu, na pete kubwa za chuma zikiwa bado zimepigiliwa ukingoni pale mashua zilipofungwa enzi hizo. Ghala la mwisho ndilo lililokuwa jumba la kumbukumbu. Mlangoni, nyuma ya meza ndogo, alikaa mama wa makamo mwenye blauzi ya zambarau na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipowaona akasimama na kujinyoosha, kwani binti yake alikwishampigia kwamba kaka analeta mgeni.

"Karibu sana, mgeni wetu mpendwa," alisema kwa sauti ya kazini. "Hapa ndipo mto ulipoujenga mji, kisha mji ukausahau mto. Ukisimama kimya utausikia ukilalamika."

Nukta alishtuka. Maneno hayo aliyajua, koma kwa koma. Yalikuwa ukurasa wa tatu. Akamtazama Usukani, na Usukani akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa anaigilizia.

"Shikamoo, mama," alisema Nukta. "Maneno haya ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu, ya nani tena? Huyu amekua akinisikiliza nikiyasema hapa tangu kichwa chake hakijafika meza hii. Hata ya kule chemchemi nilimfundisha mimi, nilipokuwa nampeleka akiwa mdogo." Akasukuma daftari kubwa lenye jalada jekundu. "Haya, mwanangu. Kitabu cha wageni. Andika jina, unakotoka na tarehe."

Hasira ya Nukta ikalegea kidogo, maana kumbe pale majini aliambiwa maneno ya nyumbani, naye akadhani ni ya biashara. Lakini kulegea si kuisha. Alimpa Usukani nafasi kwa kuvuta kiti taratibu, kwa kutafuta ukurasa, kwa kuchomoa kalamu kwenye nywele. Usukani amesimama tu. Basi, Nukta akajisemea moyoni, akainama aandike.

Mkono ukatua juu ya ukurasa, ukaufunika wote.

"Asiandike, mama."

"Toa mkono. Kila anayeingia anaandika. Hata waziri aliandika."

"Wewe unaandika?"

"Mimi niandike nini? Mimi wa hapa."

"Na mimi?"

"Wewe nimekuzaa. Umepatwa na nini leo?"

"Basi na huyu haandiki." Hakukuwa na kipeperushi cha kumsaidia. "Nilimwambia dada huyu ni mgeni. Nilisema uongo, tena alikuwa ananisikia. Huyu ni mtu wangu, mama, miezi mitano sasa. Nampenda. Nilikuwa naogopa kukwambia nikakosa pa kuanzia, ndiyo maana. Nataka aje nyumbani, na akija asiondoke."

Mama akavaa miwani yake na kumtazama msichana kuanzia hereni mpaka viatu, ambavyo bado vilikuwa vimelowa. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyetayarisha hotuba akakuta shughuli imebadilishwa.

"Hayo ni yake," alisema. "Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Mimi sijaulizwa kitu, mama. Umeambiwa wewe."

Mama akacheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani.

"Kweli kabisa. Muulize mtoto wa watu, usinitazame mimi."

Usukani akageuka. Funguo za gari zilikuwa zinalia mkononi mwake, akazitia mfukoni.

"Nukta, nilikuudhi, nisamehe. Utakubali nikuoe?"

Nukta alitaka kumkomoa kidogo, na alistahili raha hiyo, lakini machozi yalimtangulia na mpango ukaharibika.

"Nakubali," alisema. "Na dada yako unampigia leo, kwa spika."

"Nitampigia."

"Sasa hivi utampigia, si leo," mama akasema. "La sivyo nitampigia mimi." Akalivuta daftari jekundu, akalifunga, akalitia kwenye droo. Kisha akavua shada la funguo kiunoni na kumnyooshea Nukta. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata saa moja hukumaliza. Saa kumi na moja hii, tunafunga. Kafunge madirisha ya upande wa mto."

Nukta akapokea funguo kwa mikono miwili, akapita ndani. Madirisha yalikuwa matano, ya mbao nene, marefu kumpita. Manne yalikubali. La tano likagoma. Akasukuma kwa mikono, akasukuma kwa bega, gauni la bluu likashika vumbi, na dirisha likalia tu bila kusogea. Usukani, simu ingali mkononi na dada yake akiongea kwa spika, akaondoka mezani mbio aende kumsaidia.

"Mwache," mama akamwambia. "Atalizoea."