Sirad Akataa Kuhama

Kila asubuhi Sirad alikama mbuzi, na binti yake Idil akashika ndoo. Kisha Sirad alipeleka maziwa sokoni Garissa. Mumewe alikuwa mbali, akifanya biashara Rhamu.

Asubuhi moja Guleid, shemeji yake, alikuwa akikunja mikeka. Malisho yalikuwa yamekwisha. Kesho wangehamia Balambala.

Siku nne zilizopita, mbwa wa mtaani alikuwa amemuuma Idil mguuni. Guleid alikichoma kidonda kwa chuma cha moto, kama alivyojifunza kwa baba yake. Kidonda kilikauka. Lakini jana mbwa yule alionekana sokoni akitokwa na mate na kuuma hata mawe. Jioni akafa.

"Nampeleka mtoto hospitali," Sirad alisema.

Guleid alicheka. "Kwa kovu lile? Mbuzi wangu wana vidonda vibaya zaidi, na hawaombi nauli."

"Basi baki na mbuzi wako."

"Sirad, kila kitu kimeandikwa na Mungu."

"Najua. Nimemwomba tangu alfajiri. Hakuniambia nikae."

Hospitalini, muuguzi Dancan aliosha mguu wa Idil kwa maji na sabuni, dakika kumi na tano nzima.

"Kuosha huku kulitakiwa siku ile ile alipoumwa, mama," alisema. "Na asichomwe tena. Moto unaharibu nyama tu."

"Lakini kidonda kimepona."

"Kimepona juu. Niambie, ukihamisha mbuzi, unajuaje watafika kisimani siku gani?"

"Najua mwendo wao wa siku moja. Kisha nahesabu siku."

"Wataalamu wa hesabu hufanya hivyo kwa virusi ndani ya mwili." Dancan aliweka kidole kwenye kovu. Akakipandisha polepole: goti, paja, mgongo, kichwa. "Virusi vya kichaa cha mbwa hupita ndani ya neva, nyuzi zinazopeleka habari kwenye ubongo. Vinaweza kwenda sentimita moja kwa siku, au zaidi. Vikifika kwenye ubongo na ugonjwa ukaanza, hakuna dawa ya kuuponya."

Sirad alimpima bintiye kwa shibiri, kutoka mguuni hadi kichwani. "Njia ni ndefu. Kumbe tuna siku nyingi?"

"Hapana. Hesabu hii ni makadirio. Hatujui virusi vilianza safari lini. Aliyeumwa usoni, njia yake ni fupi sana. Na chanjo pia inahitaji muda. Mwili huchukua siku saba au zaidi kutengeneza kinga. Kwa hiyo tunahesabu kana kwamba virusi vinakimbia, na tunaanza leo."

Sirad aliitikia kwa kichwa. "Makundi mawili, kisima kimoja. Letu lazima litangulie."

"Hasa. Na usiruke sindano hata moja."

Idil alidungwa chanjo, na dawa nyingine ya kuzuia virusi ikadungwa penye kidonda. Dancan aliandika siku za kurudi. Sindano ya mwisho ilikuwa baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili?" Guleid alisema aliposikia. "Na mbuzi watakula mchanga?"

"Nenda nao. Mimi sihami."

"Mwanamke peke yake, bila kundi. Watu watasema nini?"

"Waache waseme. Midomo ni yao, mtoto ni wangu."

Kundi liliondoka. Sirad alibaki. Jirani mmoja alisema amepotoshwa na watu wa hospitali ya serikali. Sirad alimsalimia, akampita, akamshika Idil mkono. Hakukosa hata siku moja. Chanjo ilipokwisha, mama na mtoto walilifuata kundi.

Miezi mingi ilipita. Idil hakuugua. Alikimbia na mbuzi kando ya Mto Tana mpaka Guleid akachoka kumwita.

Siku moja Sirad aliwaambia wanawake waliokuja kuteka maji, "Mbwa akikuuma au akikukwaruza, osha kwa sabuni na maji dakika kumi na tano. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kidonda kipone."

"Nani amekufanya mwalimu?" Guleid aliuliza.

"Mtoto wangu yu hai, shemeji. Nyamaza nimalize."

Guleid aliketi kusikiliza.