Shahidi Aliyeacha Kusema Inshallah

Yunus aliligundua jambo lenyewe mezani. Alimwambia mkewe kwamba kesho wangekwenda Mlingotini kumwona mama mkwe, na Sihaba akajibu, "Tutakwenda." Basi. Hakusema inshallah. Katika miaka tisa ya ndoa yao Sihaba hakuwahi kuitaja kesho bila neno hilo. Hata akienda dukani kununua chumvi alilisema. Yunus, fundi cherehani mwenye maneno mengi, akamtania kwamba serikali imemkabidhi funguo za kesho. Sihaba hakucheka.

Alikuwa mtaalamu wa alama za vidole. Mwaka uliopita alitoa ushahidi katika kesi ya Mwanamkasi, mkulima wa mwani aliyeshtakiwa kumuua mnunuzi wake. Alama iliyokutwa kwenye simu ya marehemu, alisema, ni ya mshtakiwa bila shaka yoyote. Mwanamkasi akahukumiwa kunyongwa. Sasa rufaa ilikuwa imekubaliwa, kesi inaanza upya, na Jumatatu Sihaba alitakiwa kurudi kizimbani.

Tangu barua ya wito ifike, nyumba ilinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Kisha ikaja sauti. Yunus akiuliza jambo, jibu lilitangulia, midomo ya mkewe ikafuata, na jibu lilikuwa la uhakika daima: mvua itanyesha saa tisa, jirani hatapona, nazi hii imeoza, na mvua iliponyesha saa kumi na moja, na jirani alipoonekana sokoni akichagua dagaa, na nazi ilipovunjwa ikawa nyeupe tupu, Sihaba aliitazama nazi ile safi na sauti ikarudia kwa upole kwamba imeoza, na Yunus akaogopa hata kuigusa.

"Mke wangu, huogopi?" alinong'ona.

"Sihisi kitu," alisema Sihaba. "Tangu ile kesi. Ni kama nimepigwa sindano ya ganzi."

Jumamosi mchana Mzee Mwinyijuma, mganga wa Fukayosi, aliegesha pikipiki yake uani, akafukiza ubani, akamfunika Sihaba shuka jeupe, akaanza kumhoji jini kama ilivyo desturi: jina lake, atokako, alivyoingia. Jina jini alikataa kulitaja. Mengine aliyasema kwa kinywa cha Sihaba, polepole, kama anayesoma ripoti.

Siku ile ya ushahidi, alieleza, wakili wa utetezi alimwuliza Sihaba kama vidole vya wakulima wa mwani haviliwi na kamba na chumvi mpaka mashine ya kusajili laini za simu inavikataa. Sihaba alilijua hilo vizuri. Mashine ilimkataa mama yake mzazi, naye mkulima wa mwani. Mistari ya vidole vya Mwanamkasi ilikuwa imefutika, na jibu la haki lilikuwa "sijui." Lakini ukumbi ulijaa, jaji anamtazama, na yeye ndiye mtaalamu. Akaona haya.

"Akaomba moyoni yeyote amsaidie," jini alisema. "Nikamsaidia. Nyinyi mnapenda mtu mwenye uhakika."

Mganga akasema dawa ni moja tu: Sihaba alitamke mwenyewe lile neno alilolionea haya. Alihangaika chini ya shuka hadi alasiri, jasho likimtiririka, ndipo likatoka, dogo, la kukwaruza. "Sijui." Harufu ya udi ikatoweka. Yunus akalia bila kujificha. Sihaba akaomba chai, akasema Jumatatu atamwokoa Mwanamkasi, inshallah.

Na Jumatatu alisema. Alama ile haitoshi, na mwaka jana alikosea. Jaji akaandika. Mwanamkasi akainua uso kwa mara ya kwanza.

Upande wa mashtaka ukamwita mtaalamu wa pili, Kitwana, mwenzake Sihaba ofisini, aliyepewa alama ileile aipime. Je, ni ya mshtakiwa? Kitwana alifungua faili, akalifunga. Alitazama ukumbi, akamtazama jaji, jasho likimtoka usoni, na Sihaba aliyekaa benchi la nyuma aliitambua haya ile, ganzi yote ikamwisha kwa mara moja, hofu ya mwaka mzima ikamjia pamoja, akataka kusimama kumwambia asiombe, asimwombe yeyote, lakini kule mbele jasho la Kitwana lilikuwa limeshakauka.

"Ni yake," alisema Kitwana kwa upole. "Bila shaka yoyote."

Ukumbi ukapumua. Hatimaye alikuwa amepatikana mtu anayejua.